Lagavulin 16, wiski ya Uskoti: nimemaliza chupa nzima ndo nimekuja kuandika

Wakuu habari za siku. Chupa imeisha Jumamosi iliyopita, nimeisuuza nimeiweka dirishani maana naona uchungu kuitupa, kwa hiyo haya sio maneno ya mtu aliyelamba tone moja kwenye harusi ya watu akaja kujifanya mtaalamu. Nimekaa na huu mzigo wiki saba. Nimeunywa mkavu, nimeunywa na maji, nimeunywa na barafu (nisameheni), nimeulia na samaki, nimeunywa nikiwa na mafua nikaambulia patupu. Na hii ni chupa ya pili, ya kwanza niliibeba nyumbani Moshi mwezi wa kumi na mbili, yaliyoikuta huko ntasimulia.

Tuanze na jina, maana najua wengi mkifika baa mnalikwepa mnaishia kunyoosha kidole. La-ga-VU-lin. Mkazo uko kwenye "vu", silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Mswahili anapouweka bila kufundishwa na mtu. Nakaa Glasgow mwaka wa sita sasa na nimesikia Waingereza wa huko kusini wakilivunjavunja hilo jina mpaka unawaonea huruma, wakati mtu wa Kariakoo angelisoma sawasawa mara ya kwanza. Ni Kigaeli, maana yake bonde la kinu. Kisiwa kinakotoka kinaandikwa Islay ila kinatamkwa Aila, ile "s" ipo ipo tu. Kiwanda jirani yake ni Laphroaig, hiyo sema La-froig uendelee na maisha yako.

Sasa ni kitu gani hiki. Wengi wetu wiski tuliyokulia tukiiona kwenye makabati ya wakubwa ni ile ya kuchanganywa, Johnnie Walker na ndugu zake, ambayo ndani yake kuna wiski za viwanda vingi na nafaka mbalimbali. Lagavulin ni singo molti, yaani kiwanda kimoja tu, kimea cha shayiri peke yake, maji na hamira, ikatoneshwa kwenye mitungi ya shaba, halafu ikalazwa kwenye pipa la mwaloni hukohuko Uskoti sio chini ya miaka 3. Hii imelala 16, na hiyo 16 kwenye lebo ni umri wa ile iliyo changa kuliko zote humo ndani, sio wastani, kwa hiyo hakuna ujanja wa kuchomekea vitoto.

Neno kimea kwa mtu wa Kilimanjaro halihitaji maelezo. Bibi alikua anaotesha ulezi kwenye gunia lenye unyevu, ukishachipua anauanika juani, unasagwa, ndo unaenda kwenye mbege. Hawa jamaa wanafanya vilevile kwa shayiri, tofauti inakuja kwenye kukausha. Kwao jua ni la kubahatisha so wanakausha kwa moto, na Islay haina miti ya maana ya kuni, ina matindiga. Chini ya hayo matindiga kuna udongo mweusi wa nyasi na mizizi iliyooza taratibu kwa maelfu ya miaka, wenyewe wanaita piti, wanaukata vipande kama tofali, wanaanika, ukikauka unawaka. Ila unawaka kivivu, moshi mwingi kuliko moto. Ule moshi unakikuta kimea bado kina unyevunyevu, unaingia, na ukishaingia hautoki. Kitasagwa, kitachachushwa, kitatoneshwa mara mbili, kitakaa kwenye pipa miaka yote hiyo, na moshi unakuja kukukuta wewe umekaa kwenye kochi lako ukiangalia mpira.

Nilienda kukiona kiwanda mwaka juzi. Basi kutoka Glasgow mpaka bandari ya Kennacraig, halafu feri kama masaa mawili na kitu hivi mpaka Port Ellen kisiwani Islay, upepo ule wa baharini unaokuingia kwenye mifupa, mi nimekaa nje tu kama mjinga maana nilitaka kuona. Kabla feri haijafika unayaona majengo meupe yamepangana ufukweni, kila moja limeandikwa jina ukutani kwa herufi kubwa nyeusi upande wa bahari, Ardbeg, Lagavulin, Laphroaig, kama vibanda vya mama lishe vitatu vinavyogombania abiria wa boti moja. Kutoka Port Ellen kuna njia ya miguu inapita vyote vitatu, kilomita kama tano hivi, unatembea tu kondoo wanakuangalia. Na kila gari linalopita dereva anakupungia mkono. Kila gari! Siku ya kwanza nilidhani wananifananisha na mtu. Kumbe ndo desturi ya kisiwa kizima, watu wako kama elfu tatu tu, usiposalimia wewe ndo mwenye shida.

Lakini kilichonikamata sio kiwanda, ni pale Port Ellen penyewe. Kuna jengo kubwa la kuandalia kimea, hapo ndo Lagavulin wanapata kimea chao, na siku ile walikua wanakausha, moshi umeshuka mpaka barabarani. Nikasimama. Aisee, hii harufu naijua. Sio sawasawa, ila naijua. Ni jiko la bibi kule Kibosho saa kumi na mbili asubuhi, mafiga matatu, kuni mbichi kidogo kwasababu usiku kulinyesha, juu ya moto kuna kichanja cha mahindi kimekua cheusi kinang'aa kwa masizi ya miaka. Ukitoka mle kwenda shule sweta linanuka moshi mpaka saa nane mchana na mwalimu anajua kabisa nani kwao wanapikia kuni. Nilikua nachekwa kwa ile harufu. Sasa hivi nailipia zaidi ya pauni 80.

So ushauri wangu kwa wanaoiogopa hii kitu kwasababu wamesoma kwenye lebo na kwa wataalamu wa Kizungu kwamba ina harufu sijui ya lami, sijui ya bandeji, sijui ya boti la mvuvi: acha hayo. Nusa kwa pua uliyokuja nayo kutoka kwenu. Kazini kwetu kuna Mkenya wa Eldoret, nilimwekea kidogo akaisogeza puani, akakaa kimya, akainusa tena, akasema "wewe, hii si ni mursik imelewa!" Kwa wasiojua, mursik ni maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin, kibuyu chake kinasuguliwa ndani na makaa ya mti fulani kabla maziwa hayajaingia. Kwa siku ile hakuna mtaalamu aliyeielezea Lagavulin vizuri kumzidi yule bwana, maana kile alichokisema ndo hasa kilichomo, moshi na kitu kizito kitamu nyuma yake.

Haya tuonje.

Glasi. Tumia yenye tumbo na mdomo mwembamba, mimi natumia Glencairn, zinatoka kampuni ya hapahapa jirani na Glasgow, ila kama huna hata ile ndogo ya divai inafaa. Usitumie ile pana ya kwenye sinema, harufu yote inakimbia. Weka kidogo, kidole kimoja. Halafu iache. Narudia, IACHE. Dakika kumi, kumi na tano. Ukiinywa hapohapo unapata moshi tu na ukali wa pombe, utasema nimeibiwa.

Rangi ni ya chai ya rangi iliyokolea, ile ya msibani. Nzuri sana kwa macho ila usiiamini, imetiwa rangi ya sukari ya kuunguzwa, sheria ya Uskoti inaruhusu. Chupa zinazouzwa Ujerumani zinaandikwa kabisa kwenye lebo kwamba kuna rangi maana kwao ni lazima, hizi za kwetu huku zinakaa kimya. Haibadilishi ladha kwa kiasi cha mimi kugundua, lakini kwa kinywaji cha heshima hivi naona ni kama mwanamke mzuri anavalishwa wigi kwa lazima. Hakukua na haja.

Harufu ya kwanza: majivu yaliyopoa, sio moto, majivu. Kisha samaki wa moshi, na ile dawa ya kahawia anayokupaka nesi goti likiparuzika. Na chumvichumvi. Hii ya chumvi watu wanapenda kusema ni upepo wa bahari umeingia kwenye mapipa, mi hapo nina mashaka maana sio mapipa yote yanalala kisiwani, mengine yanalazwa bara. Lakini chumvi ipo, siwezi kuikataa pua yangu.

Baada ya kama dakika kumi ndo unaelewa kwanini watu wanalipa. Moshi unakaa pembeni, hauondoki, unakaa pembeni kama mzee anayempisha mgeni mlangoni, na nyuma yake inatoka tende. Sukari guru. Ganda la chungwa lililokaukia kwenye radieta ya kupashia nyumba joto. Na kitu ambacho nilihangaika nacho wiki tatu nzima siwezi kukipa jina, nanusa naacha, nanusa naacha, mpaka siku moja usiku nimekaa ikanijia yenyewe: ndizi za kuvumbika. Zile za mbege, zimetolewa shimoni zimeiva mpaka ganda jeusi, tamu kupita kiasi na zina kaharufu ka majani makavu na joto. Nilicheka peke yangu saa tano usiku. Niliwahi kuonja singo molti nyingine zaidi ya ishirini huku, hakuna hata moja iliyonipeleka pale.

Mdomoni. Hapa ndo pana maneno. Inaanza tamu, taratibu, ina mafuta kidogo, inatambaa ulimini, unajisemea mbona mpole, halafu moshi unapanda kutokea kooni kuja juu badala ya kutoka mbele kwenda nyuma. Chumvi, pilipili manga kidogo, kahawa chungu. Mwishoni ukakasi kama wa chai iliyosahaulika jikoni, huo ni mwaloni. Yote safi. Lakini mwili wake ni mwepesi kuliko harufu inavyoahidi, na hili nimelihakikisha kwa chupa mbili, sio bahati mbaya. Pua inakuambia unakuja mtori, unapata supu. Supu nzuri sana, ila supu.

Sababu naiona kwenye lebo: asilimia 43. Zaidi ya nusu ni maji kabla hata sijaongeza ya kwangu. Na ukiiwekea maji ya baridi haifanyi ukungu hata kidogo, ndo tabia ya wiski zilizochujwa kwa baridi, na kwenye huo mchujo yanaondoka baadhi ya mafuta ambayo mimi ndo nayataka. Ardbeg 10 hapo jirani wanaitoa na 46 na haichujwi hivyo, na ni changa kwa miaka sita, na bei yake ni ya chini, na mdomoni ina nyama zaidi. Inaniuma kusema hivi maana moyo wangu uko Lagavulin.

Ila kuna kitu Ardbeg hana. Mkia. Meza, halafu angalia saa. Siku moja nilimeza saa tatu kasoro, nikapiga stori na mtu kwenye simu, nikaosha vyombo, nikapiga mswaki (na dawa ya meno!), nalala bado naisikia kwa mbali kama mtu anayepiga ngoma kijiji cha pili. Wenyewe wanasema siri ni kutonesha polepole, ule mtonesho wa pili unachukua zaidi ya masaa tisa, hawaharakishi moto. Kuhusu kiasi cha moshi chenyewe, kimea chao kina fenoli (zile kemikali za moshi) kama sehemu 35 kwa milioni, Ardbeg ni zaidi ya 50, kwa hiyo anayedhani Lagavulin ndo ya moshi mkali kuliko wote kisiwani amekosea, hii ni ya moshi mrefu.

Maji: kijiko cha chai kimoja, sio zaidi. Kinafungua matunda na kinaua ile dawa ya nesi, wageni waanze hivyo. Ukizidisha kijiko cha pili inakua maji ya kuoshea sufuria. Barafu: nilijaribu siku ya joto (Glasgow ilikua nyuzi 26, watu wametembea vifua wazi) na ikafunga kabisa, moshi tu na ukakasi, tende zote zimekimbia. Usifanye. Kama unataka wiski ya barafu zipo nyingi za bei ya nusu zitakushukuru.

Na jambo la chupa kubadilika ni kweli sio hadithi. Siku ya kwanza nimefungua ilikua imenuna, moshi mbele, hakuna utani. Wiki ya tatu, chupa ikiwa imefika kwenye lebo, hewa ishaingia, ndo ilikua kileleni. Wiki ya sita robo ya mwisho moshi umechoka, tamu inabaki peke yake, nzuri lakini sio yenyewe tena. So usiwe bahili kama mimi, ukifika nusu ita watu.

Chakula. Kuna duka la Waafrika karibu na kwangu wanauza kambale wa moshi wale wakavu waliokunjwa wameng'ata mkia, nilimloweka mmoja nikampika na nazi na nyanya, ugali, na Lagavulin kidogo pembeni. Jamani. Sina maneno, moshi wa huku ukakutana na moshi wa kule na nazi ikawa mshenga. Dagaa wa kukaanga pia inaenda. Jibini ile yenye ukungu wa bluu wanayoisifia na yenyewe wanasema kweli, inaenda, ila sijawahi kuimaliza jibini hiyo kwa moyo mmoja. Nyama choma sio sana, moshi juu ya moshi na hakuna utamu wa kuwatenganisha. Chokleti nyeusi ndio.

Ngoja niwape na ka-historia kidogo maana hiki kisa nakipenda kuliko wiski zingine zenyewe. Kiwanda ni cha 1816, na kabla ya hapo pale pale bondeni watu walikua wanapika ya kificho wakikimbia kodi, gongo tu kama gongo letu. Mwishoni mwa karne ya 19 kikawa chini ya bwana mmoja Peter Mackie, yule wa wiski ya White Horse. Huyu bwana alikua pia wakala wa kuuza wiski ya jirani, Laphroaig. Mwaka 1907 wakamnyima uwakala. Akafanyaje? Akaziba maji yao! Sisi wa mlimani tunaijua hii kesi, ugomvi wa mfereji, mtu wa juu anafunga mfongo usiku, asubuhi kwa mtu wa chini migomba imenyauka, wazee wanaitana. Hawa wakaitana mahakamani na Mackie akaamriwa afungue maji. Hakukoma. 1908 akajenga ndani ya uwanja wake kiwanda kingine kidogo, Malt Mill, kwa nia moja tu ya kutengeneza Laphroaig yake mwenyewe, mitungi ya kuigiza ileile, mpishi akamchomoa kulekule kwa jirani. Ikatoka wiski nzuri tu lakini haikua Laphroaig. Kikafanya kazi mpaka 1962 kikafungwa, na jirani yupo mpaka leo anauza. Nilivyokua naelezwa hii pale kiwandani nilicheka mpaka dada aliyekua anatutembeza akauliza kulikoni, nikamwambia hata kwetu yapo.

Bei sasa. Mimi nimelipa pauni 82, inacheza hapo kulingana na duka na msimu, kuelekea Krismasi huwa inashuka kidogo. Mzee mmoja Mskoti kazini ananiambia enzi zake alikua anainunua kwa arobaini na kitu na anaongea kwa uchungu kama mtu aliyefiwa. Baa moja hapa mjini, siitaji, walinitoza pauni 11 kwa kipimo cha mililita 25 na wakaniletea kwenye glasi ya maji imejaa barafu bila kuniuliza, nilikaa nazitoa barafu kwa kijiko moja moja naziweka kwenye kitambaa, mhudumu ananiangalia. Kwa hiyo kama unataka kuijaribu kwanza, afadhali mchange watu watatu mnunue chupa.

Kama 82 ni nyingi kuna mdogo wake, Lagavulin 8, walimtoa 2016 kiwanda kilipotimiza miaka 200. Asilimia 48, bei ya chini kwa kiasi, rangi hafifu kama maji ya ndimu. Ni mkorofi, limau na majivu na pilipili, hana tende wala ndizi za kuvumbika, lakini mdomoni ana nguvu ambayo kaka yake ameipoteza. Siku za kazi mimi ni wa 8. Siku ya kukaa chini, simu nimeizima, kesho siendi popote, ni 16.

Nampa nane na nusu kwa kumi. Harufu peke yake ni tisa na nusu, mdomoni nane, mkia tisa na nusu, halafu nakata kwa ile 43 na kwa bei. Wangeitoa hii hii kwa 46 bila rangi ningekopa mshahara. Nitanunua tena? Ndio, mara moja kwa mwaka, na sio zawadi kwa mtu ambaye sijui anakunywaje.

Hilo la zawadi nimejifunza Moshi. Ile chupa ya kwanza nilimpelekea baba mdogo, mzee wa mbege toka zamani, nikaitoa mbele ya watu nikijisikia kweli mtoto aliyetoka ng'ambo, nikaeleza miaka 16, nikaeleza kisiwa, nikaeleza moshi. Akasikiliza yote. Akaifungua, akamwaga kidogo chini kwa wazee kama inavyotakiwa (nikahesabu kichwani, kama pauni tatu hivi), akajimiminia, akanywa funda moja kavu. Kimya. Watu wote wanamwangalia. Akasema, "Hii imepikwa kwenye nyumba isiyo na dirisha."

Halafu akamtuma mtoto dukani akalete Stoney Tangawizi.

Nikasema baba mdogo tafadhali. Akasema wewe kaa. Akachanganya nusu kwa nusu kwenye kikombe cha bati, akanywa, akatikisa kichwa, akanipa mimi nionje. Na wakuu, naandika hapa kwa aibu, ilikua nzuri. Tangawizi inaushika ule moshi inaupandisha juu, na sukari ya soda inafanya kazi ya zile tende kwa wasio na subira ya dakika kumi na tano. Siwezi kuirudia kwa hela yangu lakini siwezi kudanganya pia. Mle ndani wajomba waliimaliza chupa kabla ya saa mbili usiku, na baba mdogo akawa ananiuliza kila baada ya muda, "Hiyo miaka kumi na sita walikua wanasubiri nini?" maana mbege yake haijawahi kufika wiki.

Juzi nilivyomaliza hii ya kwangu nikampigia kumsalimia, nikamuuliza ile chupa aliitupa au. Akasema amewekea asali. Imeoshwa mara mbili lakini asali imeanza kunuka jiko, mama mdogo anamwambia ahamishie kwenye galoni, na yeye amekataa.